Siku Tatu za Kuitazama Sur

Mwaka jana mwanangu alinichukua mimi na mkewe kwenda kuitazama Andalusi. Tulizunguka siku kadha, mwisho tukafika mji mmoja mdogo wa zamani katika pwani ya Uspania, wenye nyumba zilizopakwa chokaa nyeupe na ngome ya Waislamu wa kale juu ya kilima. Kijana aliyekuwa akituongoza alishika bendera ndogo ya njano, akatuonyesha hiki na kile: hapa palikuwa msikiti, hapa palikuwa hamamu ya kuogea, mlango huu umeona karne ngapi. Mimi nilimfuata kwa adabu, magoti yakinilalamikia, moyoni nikimshukuru Mola aliyenipa umri wa kuyaona.

Tulipopinda kona moja nyembamba, harufu ikanisimamisha. Palikuwa na duka la samaki wakavu, vipande vya samaki wa chumvi vimetundikwa kwa kamba, vyekundu kama matofali. Wao wana jina lao. Mimi nilisema moyoni: ng'onda. Nikashika ukuta.

"Mama, umechoka?" mwanangu akaniuliza. "Mwenye bendera anatuacha."

"Mwache aende. Nimemkumbuka bibi yako."

Mkewe, aliyezaliwa Maskati na Kiswahili chake ni cha kuokota okota, akauliza, "Bibi alikuja hapa?"

"Hakuja. Lakini buibui lake lilikuwa likinuka hivi hivi."

Walicheka, wakadhani nafanya mzaha. Usiku ule hotelini niliwahadithia, na leo nawaandikia ninyi wa rika langu, mliokuja Omani wadogo kama mimi, mkashuka na mizigo michache na lugha ambayo hapa haikutufaa hata kununulia chumvi.

Nilikuwa na miaka minane au tisa. Tulikuwa tumetoka Unguja tukafikia Ibra, katika nyumba ya udongo ya jamaa zake Baba. Ilikuwa nyumba njema, ina mitende nyuma na maji ya falaji, ule mfereji wa mashamba, yakipita ubavuni, na watu wake walitupokea kama Mungu alivyoamrisha wageni wapokewe. Baba alizaliwa Unguja lakini Kiarabu alikijua, basi wiki ya pili tu akawa anacheka na binamu zake kama aliyekuwa nao siku zote. Mama alikijua Kiarabu cha Kurani na cha dua. Unguja alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, akisomesha watoto wa kike, na kwa tajwidi hakuwa na wa kumkosoa. Ila Kiarabu cha msahafu na Kiarabu cha jikoni havifanani. Mtu hawezi kuomba ungo kwa maneno ya Suratul-Baqara.

Na kulikuwa na jambo la kahawa. Ninyi mnajua: hapa mgeni hutiliwa kahawa kikombe baada ya kikombe mpaka mwenyewe akitikise, ndipo mtiliaji ajue ametosheka. Mama hakujua. Kwao Unguja mtu akitosheka husema ahsante, akakiweka kikombe. Siku ya kwanza alipokaa na wanawake wa nyumba, kila akisema "shukran" akatiliwa kingine, na yeye akaona ni utovu wa adabu kukiacha. Alikunywa vikombe kumi na kimoja.  Mwanamke mmoja akasema, "Hawa wa Zinjibari wana visima matumboni," na wote wakaangua kicheko. Hawakuwa na ubaya, naamini leo. Lakini maneno yale, kati ya yote waliyosema siku ile, ndiyo aliyoyafahamu vizuri.

Tangu siku hiyo Mama hakukaa tena barazani na wanawake. Alibaki chumbani akishona, akisoma Yasini, akiutazama ukuta. Miezi ikapita.

Halafu ikaja barua kutoka kwa Mjomba, aliyekuwa amehamia Mombasa. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikicheza na mbegu za tende, nikawasikia.

"Kaka ameandika tena," Mama alisema. "Chumba kipo. Na mtoto wetu Moza atasoma."

"Na mimi?" Baba akauliza.

"Wewe una nduguzo hapa. Mimi nina ukuta."

Baba akasogea karibu. "Nipe siku tatu, Bi Saada. Twende Sur tukatembee, ukaione bahari, ukautazame mji. Rafiki yangu Khalfan yuko kule, atatupokea. Tukirudi, ukisema bado unataka kwenda, nitakupeleka mwenyewe, wallahi."

Niliyasikia maneno yote, wala sikukosea hata moja. Nilichokosea ni hesabu. Watoto wa nyumba walikuwa wameniambia kwamba zamani kila aliyekwenda Unguja alipandia chombo Sur. Nami nikajumlisha: Mama anataka kwenda, vyombo huondokea Sur, na Baba anampeleka Sur. Kwangu mimi ile haikuwa safari ya kutembea. Ilikuwa safari ya kumsindikiza. Na nilipomwona Mama akitia katika kikapu chake msahafu pamoja na ile barua ya Mjomba, nikawa na yakini. Mtu anayekwenda kutazama mji siku tatu anabeba barua ya nini?

Tulikwenda kwa gari la mfanyabiashara mmoja, juu ya magunia, njia yote vumbi na mawe. Tulipita Al Qabil, tukapita Bidiyah penye michanga, na mimi sikuangalia chochote ila uso wa Mama. Kabla hatujaiona bahari tuliinusa. Mama akainua kichwa kama mtu aliyeitwa jina.

Mzee Khalfan alikuwa amekaa Unguja ujana wake, ndiko walikojuana na Baba. Mkewe, Bi Zuwena, alikuwa mwenyeji wa Sur asiyejua neno la Kiswahili, mnene, msemaji, mwenye sauti ya kufika nyumba ya tatu. Alimkumbatia Mama mlangoni, akazungumza naye Kiarabu mfululizo bila kungoja majibu, na nadhani hilo lilimpumzisha Mama, kwa kuwa majibu hakuwa nayo.

Asubuhi ya siku ya pili Baba na Mzee Khalfan walitoka. Bi Zuwena akatangaza kwamba yeye ndiye atakayemtembeza Mama mjini, tangu ngome mpaka ng'ambo ya hori, ule mkono wa bahari uingiao mjini. Nikaona saa imefika. Mama alipokwenda kutia udhu, nikalichukua buibui lake pale msumarini. Mama hakuwa na vazi jingine la kutokea, na mwanamke wa Kiunguja hapandi chombo bila buibui. Hilo nilikuwa na hakika nalo kama nilivyokuwa na hakika na Fatiha. Stoo ya Bi Zuwena ilikuwa na makapu ya ng'onda, ya papa na ya nguru. Nikalikunja buibui, nikalisukuma chini kabisa ya kapu moja, nikapanga samaki juu yake vizuri. Nikanawa mikono mara tatu.

Walilitafuta kila mahali. Bi Zuwena akamshuku mbuzi wake. "Huyu mbuzi ameshakula kilemba cha baba mkwe wangu," akasema, akionyesha kwa mikono ili Mama afahamu. "Amelelewa kwa vitambaa." Mama akatabasamu kidogo, akaketi, akasema kwa Kiarabu chake kifupi kwamba basi, atabaki nyumbani. Nikamshukuru Mungu kimoyomoyo, na Mungu anisamehe kwa shukrani ile.

"Utabaki nyumbani kwa ajili ya mbuzi?" Bi Zuwena akasema. "Vaa zangu."

Akamvisha. Gauni la rangi ya komamanga lenye nakshi za mikononi, suruali ya kubana miguuni, na juu yake lile vazi jeusi jepesi la wanawake wa Sur, refu nyuma hata linaburura. Akamfunika ushungi, akamgeuza huku na huku, akapiga makofi. Aliyekuwa amesimama pale hakuwa tena Mama wa Unguja. Walipotoka nje, wanawake waliopita walimwamkia kwa Kiarabu, naye akaitikia salamu, na hakuna aliyegeuka kumtazama mara ya pili. Miezi yote Ibra alikuwa akitazamwa. Hapa alipita njiani kama wapitavyo watu.

Bi Zuwena alituonyesha ngome, na mahali ambapo mafundi walikuwa wakipaka vyombo sifa, yale mafuta ya papa, na kwa mara ya kwanza nikamwona Mama akisimama kutazama kitu. Alisimama penye milango. Milango ya Sur ya zamani ina nakshi kama ya Unguja, maua na minyororo, na Mama alipitisha kidole juu ya ua moja mpaka mwisho wake. Nilianza kusahau khofu yangu. Kisha tukateremka ufukweni, na Bi Zuwena akaita kimashua.

Moyo ukanipasuka. Kumbe hata bila buibui. Nikalishika lile vazi refu kwa mikono miwili.

"Wachia, Moza, nguo ya watu hiyo," Mama akasema, akanipakia.

Mpiga kasia alipiga makasia machache, mashua ikagusa mchanga upande wa pili. Nikatazama nyumba, nikatazama mnara mdogo juu ya jabali. Nikamuuliza Mama, "Hii ndiyo Mombasa?"

Mama alinitazama. Halafu akacheka, kicheko chake cha Unguja nilichokuwa nimekisahau, cha kushika mbavu. "Mombasa ingekuwa karibu hivi, mwanangu, ningekuwa nakwenda asubuhi nikarudi kupika." Bi Zuwena alimshika mkono akitaka kujua kicheko ni cha nini, na Mama akahangaika kumweleza kwa maneno na vidole mpaka naye akaketi juu ya mashua kwa kucheka. Lakini tulipokuwa tunapanda ufukwe, niliona mkono wa Mama umeushika wangu zaidi ya kawaida. Nadhani hapo ndipo alipojua mimi nilikuwa nabeba nini.

Mtaa ule unaitwa Aija. Bi Zuwena alitupeleka kwenye nyumba ya mjane wa nahodha mmoja, yenye mlango uliosifika kwa nakshi. Mjane akaona vivuli vyetu, akatuita ndani, kwa kuwa hapiti mtu mlangoni kwake bila kahawa. Alikuwa mkongwe mwembamba, macho yamefifia. Jirani zake walimwita Umm Rashid. Wanawe walikuwa kazini nchi za Ghuba, na mjukuu wake wa kike ndiye aliyetilia.

Mama akanywa kikombe cha kwanza. Kikaja cha pili, kikaja cha tatu. Alikuwa akiangalia dari yenye boriti za mikoko, hakuwa akiangalia mkono wake. Mimi nikaanza kuhesabu, na nikaona vile vikombe kumi na kimoja vinarudi, na kile kicheko. Nikasema kwa sauti niliyodhani ni ya kunong'ona, "Mama, tikisa kikombe."

Yule mkongwe akaweka chake chini. "Nani aliyesema Kiswahili humu ndani?"

Alisema kwa Kiswahili. Kiswahili cha mjini Unguja, cha zamani, kila neno limekaa mahali pake.  Bi Zuwena alikuwa amepigwa na butwaa kuliko sisi. Nikamsogelea nikambusu mkono. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema. Akaushika uso wangu. "Sema tena."

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Neno hilo sijaambiwa tangu mume wangu aache kusafiri na kuleta wageni wa kule. Ukoo gani? Mtaa gani? Mwache mama yako anywe, kahawa yangu nyingi."

Jina lake kwao lilikuwa Rukia. Aliolewa msichana, akaletwa na mumewe, na tangu mumewe afariki hakubaki mtu wa kusema naye. "Hukutuambia," Bi Zuwena akamlaumu. "Tunajua ulikuja na chombo, lakini hapa nani hakuja na chombo?" Bi Rukia hakumsikiliza. Alikuwa akimtazama Mama.

"Mwanangu, unajua kusoma?"

"Namshukuru Mungu, najua."

"Kusoma kwetu? Kiswahili kwa herufi za Kiarabu?"

"Hivyo ndivyo nilivyosoma."

Bi Rukia akamwagiza mjukuu wake sandukuni. Zikaja barua tatu, zimefungwa kwenye kitambaa cha hariri, zinanukia udi. Zilitoka kwa dada yake wa Unguja, zimefika moja moja tangu alipokuwa mjane. Yeye mwenyewe hakusoma. Mumewe ndiye aliyekuwa akimsomea. Hizi Bi Rukia alimpelekea mwalimu wa msikitini, mtu mwema na mjuzi, akazishika, herufi zote akazijua na neno hata moja hakulijua. Alizitamka kama mtu anayetafuna mawe, mpaka Bi Rukia akamwomba aache. Miaka minne barua zile zimekaa.

Mama akajisogeza penye mwanga wa dirisha. Alisoma kama alivyokuwa akisoma chuoni, taratibu, akisimama panapostahili kusimama. Salamu za watu wa nyumba, mmoja mmoja kwa jina. Paa la jikoni lilivuja, limeezekwa upya. Mtoto wa jirani, uliyemwacha akinyonya, amemwoza bintiye. Bi Rukia akawa anacheka, anatikisa kichwa, anamuuliza Mama maswali kana kwamba Mama ndiye aliyetoka huko jana. Barua ya pili ilikuwa fupi. Ya tatu ilikuwa na mistari michache tu. Mama aliipitia kwa macho kwanza, na nikaona amesita.

"Soma," Bi Rukia akasema.

"Anasema: dada yangu, hii ni barua ya tatu, hujanijibu. Kama nimekukosea, nambie kosa langu nikuombe radhi kabla mmoja wetu hajaondoka duniani."

Bi Rukia hakulia. Aliweka kiganja juu ya ile karatasi, akakaa hivyo. Mama akaweka mkono wake juu ya ule mkono. Bi Zuwena, asiyejua kilichosomwa, akatoa leso akafuta macho kwa niaba yetu sote.

Tuliporudi jioni, Bi Zuwena aliingia stoo kutoa ng'onda wa chakula, na sauti yake ikatufikia uani. "Papa huyu mweusi nimemnunua lini?" Akatoka amelishika buibui kwa vidole viwili. Kila mtu akanitazama mimi, hata mbuzi.

Nikasema yote. Mama hakunipiga. Alilinusa buibui, akafumba macho. "Mungu amekusamehe," akasema. "Pua yangu itahitaji muda." Nilipomuuliza kama kweli anaondoka, akalitia buibui majini kwanza. "Sijui, mwanangu. Nikikwambia siondoki na moyo wangu haujui, nitakuwa nimekudanganya."

Watu wameniuliza mara nyingi lini Mama aliamua kubaki Omani. Wanataka siku. Mimi nawaambia hakuamua. Aliishi hapa miaka mingi, akasomesha Kurani wasichana wa Ibra na mabinti zao, na mimi niliyoyajua ya dini nimeyapata magotini pake. Na katika miaka yote hiyo sikumsikia hata mara moja akisema, nimeamua. Mola humfungulia mja njia kwa kipande cha hatua moja, akiimaliza anaonyeshwa nyingine. Hatua yake Mama ilikuwa siku ya tatu, na mimi nilikuwepo.

Alirudi Aija asubuhi ile, na buibui lake lililofuliwa mara mbili na kunuka vile vile, na kalamu na karatasi za Baba. Akakaa mkekani, akauliza aanze vipi.

"Mwambie hakunikosea," Bi Rukia akasema.

"Barua huanza na salamu, Bi Rukia."

"Amengoja miaka minne. Anza na hilo, salamu zitamfikia nyuma."

Mama akaandika hivyo. Waliandika mpaka adhuhuri, wakaswali, wakaandika tena, kurasa nne mbele na nyuma. Mara nyingine Bi Rukia alitafuta neno la kwao asilipate, na Mama akampa, naye akalirudia kwa sauti kabla ya kuendelea. Walipomaliza, mkongwe aliishika barua kifuani, akasema neno sikulisikia, na Mama akamjibu neno sikulisikia, kisha wakaagana.

Baba alikuwa ametungoja ufukweni penye mashua. Siku zake tatu zilikuwa zimekwisha na gari la kurudi Ibra lilikuwa tayari ng'ambo. Hakumuuliza Mama kitu. Alimtazama tu, kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu.

"Barua inachukua muda gani kufika Unguja?" Mama akasema.

"Miezi miwili. Mitatu, posta wakizubaa."

"Na jibu kurudi?"

"Vivyo hivyo. Kwa nini?"

Mama alikuwa akiukunjua ushungi wake uliopeperushwa na upepo. "Bi Rukia ameniuliza, jibu likija nani atamsomea. Nimemwambia nitakuja mimi."

 Baba alivua viatu, akasogea pembeni mahali palipo safi, akaelekea kibla, akasujudu. Mpiga kasia, asiyejua habari zetu, alilitazama jua, akatutazama sisi, akauliza ni sala gani ile, maana adhuhuri imepita na alasiri bado. Mama akamjibu kwa Kiarabu chake kibovu, mbele ya watu waliokuwa wakingoja mashua, bila kuinamisha kichwa:

"Mngoje. Hatachelewa."